Mkojo wa mara kwa mara na mdomo kukauka

Pole sana dada. Umesema unakwenda haja ndogo mara 15 kwa siku, vipimo vya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na sukari viko sawa, na oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu, inakukausha mdomo. Si uzembe wako. Kibofu kina mishipa ya fahamu isiyongoja amri yetu: mingine hukibana, mingine hukilegeza. Dawa hiyo huzuia ujumbe wa kubana, na mate hutegemea ujumbe huohuo. Muulize daktari kuhusu mirabegroni, dawa nyingine inayosaidia kulegeza kibofu. Ila hupandisha presha kwa baadhi ya watu, kwa hiyo pimwa kwanza. Mkojo ukikushika, kaza misuli ya nyonga (ile unayobana kuzuia mkojo), subiri dakika 5, kisha ongeza muda huo taratibu kwa wiki 6. Punguza chai, maji usijinyime.