Mkate ukae wapi? Kwetu Moshi ni sufuriani, kwa wakwe Arusha ni kwenye friji

Nimelelewa Moshi, nimeolewa Arusha, na nyumba hizi mbili hazijawahi kukubaliana mkate ukae wapi. Kwa mama, kule Pasua, mkate unalala ndani ya sufuria kubwa yenye mfuniko, juu ya kabati ambako panya hafiki. Kwa mama mkwe, Sakina, mkate ukitoka tu dukani kwa Mangi unaingizwa friji, na ukiusahau mezani utaitwa hata kama umeshapanda kitandani. Wifi yangu naye hataki sufuria wala friji. Yeye anauweka juu ya friji, kwenye nailoni yake, kwa sababu hapo watoto hawafiki.

"Mwanangu, huo wa nje utatuotea ukungu," mama mkwe huniambia. Nami namjibu kwa adabu zote kwamba huo wa kwenye friji hata chai ya maziwa inashindwa kuulainisha.

Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu anasema kweli. Mkate unaharibika kwa njia mbili tofauti: unakuwa mgumu, au unaota ukungu. Sisi tunazichukulia kama jambo moja, tunasema tu "mkate umeharibika", halafu tunatafuta dawa moja. Dawa hiyo haipo, kwa sababu kinachozuia ukungu mara nyingi ndicho kinachokaza mkate, na kinachoulinda usikauke ndicho kinachoufurahisha ukungu.

Tuanze na ugumu, maana ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Watu wengi wanaamini mkate unakuwa mgumu kwa sababu maji yametoka. Maji kutoka ni sehemu tu ya habari. Mkate unapookwa, wanga wa ngano unanyonya maji na kulainika. Ukishapoa, wanga ule unaanza kujipanga upya na kukaza, taratibu, hata kama mkate umefungwa vizuri na hakuna tone lililotoka. Na kazi hiyo ya kukaza huenda haraka zaidi kwenye ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri, yaani ubaridi uleule wa friji. Ndiyo maana mkate wa juzi kutoka friji unavunjika na kumwaga chenga, ilhali ule wa juzi uliokaa kabatini bado unakunjika. Kwa sababu hiyohiyo, Arusha mwezi wa Juni na Julai, baridi ikikolea, mkate hukakamaa hata ukiwa nje. Huwezi kulaumu kiwanda.

Lakini ukungu huko kwenye friji unachelewa sana, na hapo mama mkwe ana haki yake. Mkate ukitoka kwenye tanuri hauna ukungu wowote, moto umeshaziua mbegu zake. Mbegu za ukungu zinatua baadaye, mkate unapopoa, unapokatwa slesi, unaposhikwa. Zikipata joto na unyevu zinaota. Moshi ipo chini na ina joto kuliko Arusha, ambayo iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo masika yakishika, kati ya Machi na Mei, nguo zinagoma kukauka kwenye kamba na mkate wa mama unaota madoa ya kijani kabla haujafika nusu. Mkate wa nyumbani, au wa ndizi ambao tunaupenda sana kwetu, unawahi zaidi. Mikate mingi ya kiwandani inawekewa dawa ya kuchelewesha ukungu, wa nyumbani hauna.

Mkate wa juu ya friji ndio nisioutetea kabisa. Friji inatoa joto lake nje, na joto hilo linapanda. Gusa pale juu kwa kiganja utahisi. Umefunga mkate kwenye nailoni, umeuweka mahali pa vuguvugu, unyevu hauna pa kutokea. Wifi anisamehe, lakini hapo anaulea ukungu kama mtu anavyoatamisha mayai.

Sasa ushauri wangu, na unaanzia kwenye idadi ya midomo, si kwenye chombo. Jiulize mkate mmoja unaisha lini nyumbani kwako. Kwa mama tulikuwa wengi, na mkate wa jioni haukuona jioni ya pili. Sufuria ilimtosha, na bado inamtosha siku wajukuu wakimjazia nyumba. Nyumba ya namna hiyo friji haiihitaji kwa ajili ya mkate. Weka kabatini, mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua, kwenye chombo chenye mfuniko usiobana kupita kiasi, au uache kwenye nailoni yake uliyoikunja mdomo. Ukikata mkate mzima usio wa slesi, ulaze upande uliokatwa chini. Kama ni wa slesi, kile kipande cha mwisho ambacho watoto hukisukuma pembeni kiache kiwe kifuniko cha wenzake.

Kama mko wawili, au unaishi peke yako kama wapangaji wengi wa vyumba vya Ngarenaro, mkate mzima utakushinda. Hapo dawa ni friza. Katika ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri wanga unaacha kukaza na ukungu hauoti. Siku ileile uliyonunua, ukiwa bado laini, gawa mkate kwa kadiri ya kifungua kinywa kimoja, funga kila fungu kwenye mfuko mdogo, kamua hewa, ingiza. Usisubiri uanze kuchakaa ndipo uukumbuke, maana friza inahifadhi ulichoipa tu. Asubuhi toa fungu moja, weka slesi moja kwa moja kwenye kikaangio kikavu. Kabla chai haijachemka ziko tayari. Umeme ukikatika muda mrefu na mkate ukayeyuka, uule, usiurudishe. Ukigandishwa mara ya pili unatoka na majimaji.

Friji ya kawaida naiachia kazi moja: masika, mkate ambao unajua utaupasha moto kabla ya kuula. Kwa tosti haidhuru. Kwa kula hivihivi na siagi, hapana.

Kuna tabia ndogondogo ambazo zinashinda hata chombo. Usifunge mkate uliotoka kuokwa ukiwa wa moto, subiri upoe kabisa, la sivyo nailoni itatoa jasho na jasho lile litarudi kwenye mkate. Usiuweke pamoja na chapati za moto kwenye hotpoti, hata kama ni kwa saa chache, mvuke wa chapati utaulowesha. Mkate mpya usiurundike juu ya masalia ya ule wa zamani. Chenga za wiki iliyopita chini ya chombo ndizo zinazoanza kuota, kisha zinaambukiza. Kung'uta, osha, futa kwa siki kidogo, kausha mpaka kikauke kweli. Na mikono yenye maji, hasa ya watoto waliotoka kunawa, isiingie kwenye mfuko.

Ukiona ukungu, usikwangue doa na kula kilichobaki. Mkate una matundu, na nyuzi za ukungu zinapita ndani usikoziona. Slesi za jirani nazo zimeshaguswa. Usiunuse kwa karibu kuhakikisha, tupa. Kuku pia usiwape, sumu za baadhi ya kuvu zinawadhuru vibaya.

Mkate mgumu usio na ukungu ni habari nyingine, huo bado ni chakula. Ule wanga uliokaza unalegea tena ukipashwa, kwa hiyo nyunyiza maji kidogo, funika kwenye kikaangio kwa moto mdogo, na uule saa hiyohiyo kwa sababu ukipoa unakaza upya. Au uchovye kwenye mayai na maziwa, ukaange. Uliokakamaa kabisa ukaushe kwenye jiko la mkaa lililoanza kufifia, uutwange, uhifadhi kwenye chupa yenye mfuniko. Kwa kuzungushia katlesi, chenga hizo zinazishinda za kununua, na zinakaa wiki kadhaa mradi zilikauka vizuri kabla ya kufungiwa.