Maswali ya Wasomaji: Moto wa Mwezi Uitwao Io

Swali: Nilisikia redioni kwamba mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii una volkano zinazowaka hadi leo. Nilipomsimulia ami yangu, ambaye ni mvuvi, alinicheka, akaniuliza: mahali palipo mbali na jua kiasi hicho, moto huo unatoka wapi? Nilikosa jibu. Naomba mnisaidie.
*Msomaji, Wete, Pemba*

Jibu: Usione haya kukosa jibu, kwani swali la ami yako liliwatatiza wanafalaki wenyewe. Mwezi ulioutaja unaitwa Io, na Galileo aliuona kwa darubini yake mwaka 1610. Upana wake ni kilomita 3,640 hivi, yaani umeuzidi kidogo tu mwezi wetu, na uso wake, mbali na penye volkano, una baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Kitu kidogo namna hiyo hupoteza mapema joto lilozaliwa nacho, na kwa hiyo wengi walitarajia kuukuta umepoa na kutulia zamani, kama ulivyo wa kwetu.

Moto wake hautoki kwenye jua. Unatokana na jambo ambalo ami yako analijua kuliko mimi, nalo ni kupwa na kujaa. Yeye huona kila mwezi unapoandama na unapopevuka jinsi bamvua linavyoyapeleka maji mbali, kisha likayarudisha hadi juu kabisa, na katika mkondo wa Unguja tofauti hiyo hukaribia mita 4. Mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na jua, ndio unaofanya kazi hiyo. Sasa tugeuze mambo: huko sayari ndiyo inayouvuta mwezi, na sayari hiyo ina uzito mara 318 ya dunia, ilhali Io iko umbali wa kilomita 422,000 tu kutoka kwake. Io haina bahari. Kinachojaa na kupwa ni jiwe lenyewe, na hesabu zinaonyesha kwamba ardhi yake huweza kupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 100. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua upesi mara nyingi, kisha ukiguse pale kwenye kunjo: utakikuta kimoto. Ndivyo jiwe la Io linavyopata joto, hata likayeyuka.

Hapa mtu makini atauliza: ikiwa Io daima huielekezea Mshtarii upande ule ule, kwa nini uvimbe huo wa jiwe usikae mahali pamoja? Ungekaa, kama njia yake ingekuwa duara kamili. Lakini Io inapozunguka mara mbili, mwezi jirani wa Europa huzunguka mara moja, na Europa inapozunguka mara mbili, Ganymede huzunguka mara moja. Basi majirani hao huivuta Io kila mara kwa mpangilio ule ule, nao hawaiachi njia yake iwe duara. Kwa hiyo Io husogea karibu na sayari, ikarudi mbali, na uvimbe hukua na kupungua bila kukoma.

Kinachonivutia zaidi katika habari hii ni kwamba hesabu ilitangulia macho. Wanasayansi Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds walichapisha makala yao tarehe 2 Machi 1979, wakieleza kwamba huenda ndani ya Io mmeyeyuka. Siku chache baadaye Linda Morabito, mhandisi aliyekuwa akikagua picha za chombo cha angani cha Voyager 1, aliona wingu limesimama juu ya ukingo wa mwezi huo. Lilikuwa moshi wa volkano. Leo zinajulikana volkano zaidi ya 400. Bonde la zaha, yaani jiwe lililoyeyuka, liitwalo Loki lina upana wa kilomita 200 hivi, na Unguja nzima, yenye urefu wa kilomita 85, ingeenea humo na nafasi ikabaki. Rangi za manjano na nyekundu zinazoonekana katika picha ni za kibiriti upele kinachotapikwa na volkano hizo. Chombo cha Juno kilipita umbali wa kilomita 1,500 hivi kutoka Io tarehe 30 Desemba 2023, kikarudi tena Februari 2024.

Swali: Je, kuna miezi mingine ya namna hiyo, na tunaweza kuiona kutoka huku kwetu?
*Msomaji, Jambiani, Unguja*

Jibu: Ya zaha inayowaka, tuliyoithibitisha ni Io peke yake. Enceladus, mwezi wa Zohali wenye upana wa kilomita 500 hivi, hurusha mvuke wa maji na chembe za barafu kutoka kwenye nyufa za ncha yake ya kusini. Chombo cha Cassini kiligundua hayo mwaka 2005. Kwenye Triton, mwezi wa Neptuni, Voyager 2 iliona mwaka 1989 michirizi ya gesi ikipanda kilomita 8. Mwezi wetu ulikuwa na volkano zamani sana, na yale mabaka meusi unayoyaona usoni mwake ni zaha iliyoganda.

Kuhusu kuona, darubini ndogo hukuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii kama vitone vya mwanga, ingawa volkano hazionekani. Io huzunguka kwa saa 42 na nusu, hivyo ukiiangalia usiku huu na ule unaofuata, utaikuta imehama.