Maswali yenu kuhusu Kamaraj

Tangu niandike juu ya K. Kamaraj, aliyeongoza jimbo la Madras kusini mwa India (siku hizi Tamil Nadu) kuanzia 1954 hadi 1963, simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache. Yanayojirudia nayajibu leo kwa mara ya mwisho.

Alikuwa Waziri Mkuu wa India miaka gani?

Hakuwahi kuwa. Alikuwa waziri kiongozi wa jimbo. Zanzibar walikuwa na cheo chenye jina hilo hilo hadi 2010, kwa hiyo neno si geni kwetu. Jamani, someni kwanza ndipo muulize.

Mtu aliyeacha shule utotoni aliwezaje kuhangaikia shule kiasi kile?

Kwa sababu aliikosa. Alizaliwa Virudhunagar tarehe 15 Julai 1903, baba akafariki yeye angali mdogo, na alipofika miaka kumi na moja hivi alikuwa tayari dukani kwa mjomba wake, kwenye majora ya vitambaa. Jamii yake, Wanadar, wengi walikuwa wagema. Walipanda mivumo alfajiri na kushuka na tembo, na mahekalu mengi yalikuwa yamewafungia milango kwa vizazi.

Sasa tazameni mwaka 1953. Mtangulizi wake, C. Rajagopalachari, alileta mpango wa watoto wa vijijini kukaa darasani sehemu ya siku, muda uliobaki wakajifunze kazi ya wazazi wao nyumbani. Ukiusoma juu juu unapendeza. Ukiupeleka kijijini, mtoto wa mgema anabaki mgema na mtoto wa dobi anabaki kwenye karai. Wananchi waliupinga kwa nguvu, Rajagopalachari akaondoka. Kamaraj aliapishwa Aprili 1954, na mwezi uliofuata mpango ulikuwa umefutwa.

Hamkuniuliza, lakini nasema: mtu akikuhubiria kwamba watoto wa maskini wanatoshwa na ufundi wa kurithi, muulize wa kwake wanasoma wapi.

Ni kweli ndiye wa kwanza duniani kuwapa wanafunzi chakula?

Si kweli, na acheni kuisambaza. Hata jijini Madras kwenyewe, halmashauri ya jiji iliwahi kuwalisha wanafunzi miaka ya 1920. Alichofanya Kamaraj kuanzia 1956 ni kulitoa jambo hilo mjini na kulipeleka vijijini, jimbo zima.

Husimuliwa huko Tamil Nadu kwamba gari lake lilisimama kwenye kivuko cha reli, akamwona mvulana anachunga ng'ombe. Akamuuliza kwa nini hayuko shule. Mvulana akamrudishia swali: nikienda, utanipa chakula? Kisa hiki wengi mnakijua. Msichokijua ni kazi iliyofuata. Mkurugenzi wake wa elimu, N. D. Sundaravadivelu, aliitisha mikutano vijijini, na watu wakachangia mchele, mboga, kuni, wengine madawati na hata viwanja vya shule. Serikali ikatia fedha yake juu ya michango hiyo. Mwanakijiji aliyetoa kibaba chake cha mchele hakubali mpishi akiibe, na nadhani hapo ndipo mpango ulipopata uhai. Mwaka 1982 M. G. Ramachandran, waziri kiongozi wa Tamil Nadu wakati huo, aliupanua sana. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru shule za msingi za serikali nchi nzima zitoe chakula kilichopikwa. Kilichopikwa, maana nafaka ya kubeba nyumbani mtoto huiona inapita tu.

"Mpango wa Kamaraj" ulihusu nini?

Mwaka 1963 chama chake cha Congress, kilichotawala India, kilikuwa kimechoka. Vita na China vya mwaka uliotangulia vilikitia aibu na chaguzi ndogo zilikuwa zinapotea. Kamaraj akashauri viongozi wakubwa waache vyeo warudi kukijenga chama, na akaanza na cheo chake. Mawaziri sita wa serikali kuu na mawaziri viongozi sita wa majimbo wakaondoka. Yeye alitoka tarehe 2 Oktoba 1963, wakati hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa.

Namheshimu sana kwa hilo. Lakini tusifumbe macho. Aliyechagua nani aondoke ni Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, na miongoni mwao alikuwemo Morarji Desai, aliyeutaka uwaziri mkuu waziwazi. Nehru alipofariki Mei 1964, Kamaraj, sasa rais wa chama, ndiye aliyempitisha Lal Bahadur Shastri kuwa waziri mkuu. Shastri alipofariki Januari 1966, akampitisha Indira Gandhi kwa kura 355 dhidi ya 169 za Desai. Miaka mitatu baadaye Indira na wazee waliompandisha waligawana chama vipande viwili, Kamaraj akabaki upande ulioshindwa. Anayechagua kiongozi kwa kudhani atamwongoza kwa mkono ajiandae.

Aliacha mali kiasi gani?

Rupia 130 hivi, mashati, dhoti (shuka za kujifunga kiunoni), jozi mbili za ndara na vitabu. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mke hakuoa. Kuna pia kisa cha bomba la maji: aliposikia mama yake amevutiwa maji hadi nyumbani, aliagiza yakatwe, achote pamoja na majirani.

Swali hili mnaliuliza kuliko mengine yote, na linanisikitisha. Ndara za kiongozi hazimshibishi mtoto. Ulizeni pia kuhusu mabwawa ya Vaigai na Sathanur, maji yaliyofika mashambani.

Kama alikuwa mwema hivyo, kwa nini alishindwa uchaguzi wa 1967?

Mchele ulikuwa adimu, na hasira ya watu wa jimbo, wasemao Kitamil, ya kulazimishwa lugha ya Kihindi, iliyolipuka 1965, ilikuwa haijapoa. Kiongozi wa wanafunzi wa DMK, chama cha upinzani cha jimbo hilo, P. Srinivasan, alimshinda Virudhunagar, mji wake wa kuzaliwa, kwa kura 1,285. Vijana waliosoma katika shule zake walipiga kura wanavyotaka. Mimi sioni aibu yoyote kwake hapo.

Nitakuwa Chennai (jiji la Madras la zamani) mwezi ujao. Nione nini?

Nyumba aliyopanga, Thirumalai Pillai Road, mtaa wa T. Nagar, sasa ni makumbusho. Ukitoka hapo tafuta shule yoyote ya serikali, ufike kabla ya chakula cha mchana, usimame nje ya uzio. Utasikia sahani.