Meno ya kahawia si uchafu

Swali la wiki hii liliuliza: je, mfanyakazi wa afya ya jamii ashughulike na magonjwa tu, au na haki pia? Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Arumeru, Arusha. Kwetu kazi hizo mbili haziachani, na sababu kubwa ni maji.

Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, yaani madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, maana vyanzo vyenye maji mazuri vilikuwa haba, na huku iko mito na chemchemi inayopita 10. Mtoto akinywa maji hayo kabla ya kutimiza miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yataota yakiwa na madoa ya kahawia, mengine na vishimo. Mswaki hauyatoi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika.

Sasa tazama ni nani anayeumia. Mwenye uwezo ana bati zuri, mifereji na tangi kubwa la kuvunia mvua, au ananunua maji ya chupa. Jirani yake ng'ambo ya ua anachota mtoni. Mlima ni huo huo mmoja! Na mtoto wa huyu anayechota mtoni akifika shuleni anaambiwa ni mchafu, hapigi mswaki. Nimewaona wasichana wanaoziba mdomo kwa kiganja kila wakicheka, na hilo linaniuma sana, kwa sababu wanaona aibu kwa kosa lisilo lao.

Sisi wahudumu tunawahimiza kina mama wachemshe maji. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, ni sahihi kabisa. Lakini floraidi haitoki kwa moto: maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki, na kiwango chake katika kila lita kinazidi. Tunawaambia pia wapunguze magadi kwenye makande, kwani nayo yanaweza kuwa na floraidi. Ushauri mzuri, ila mama anatia magadi ili maharage yaive upesi na kuni zisiishe. Tukimwachia yeye peke yake mzigo huu wote, tunamwonea.

Njia zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimeshughulikia kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Chujio la nyumbani linatosha maji ya kunywa na kupikia, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, kwa hiyo kila mara tunaulizana nani atalipa. Na bomba la maji yenye floraidi kidogo lipite kitongoji gani kwanza, hilo halitaamuliwa zahanati. Linaamuliwa kwenye vikao, na mhudumu wa afya asiyesimama kusema huko ameacha nusu ya kazi yake nje ya mlango.

Ninachodai kwa sasa ni kimoja: kiwango cha floraidi cha kila chanzo kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, na kisomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya bajeti ya maji kupitishwa.