Gasketi Mbili za Hedi Haziitayarishi Injini kwa Tabo

Swali: Nina Toyota Fielder yenye injini ya 1NZ-FE na nimenunua tabo iliyotumika ya kuisukumia injini hewa zaidi. Fundi wangu hapa Kisauni anasema kompresheni ya 10.5 ni kubwa mno kwa tabo, lakini ataishusha hadi 8 kwa kuweka gasketi mbili za hedi badala ya moja, na kazi itakwisha kwa siku mbili. Je, ni salama?

Jibu: Ndugu yangu, si salama, na kama hedi imekwisha kufunguliwa, mwambie airudishe kwa gasketi moja mpya, lile bati jembamba linaloziba kati ya hedi na bloku. Swali hili naletewa na wenye magari madogo kuliko swali jingine lolote, na karibu kila mara huja limefuatana na ushauri huohuo wa gasketi mbili.

Tuanze na hesabu ya kompresheni, yaani mara ngapi mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa ndani ya silinda, kwa sababu hata hiyo fundi wako hakuifanya. Silinda ya injini yako ina kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa pistoni wa milimita 84.7, kwa hiyo pistoni inaposhuka inaacha nafasi ya takriban sentimita za ujazo 374. Kwa kompresheni ya 10.5, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni kama sentimita za ujazo 39. Gasketi ya ziada yenye unene wa milimita moja itakushusha hadi 9.5 hivi, basi. Ili ufike 8 aliyokuahidi, hedi inapaswa kuinuliwa zaidi ya milimita tatu, na hapo hatuzungumzii gasketi tena.

Lakini tuseme amepata unene anaoutaka. Madhara makubwa ndiyo kwanza yanaanza, na hapa ndipo mafundi wengi wanaponivunja moyo, kwa maana wanaitazama kompresheni kama namba tupu na kusahau umbo la chumba ambamo mafuta yanaungua. Ukiigeuza hedi ya injini hii utaona kwamba chumba hicho hakichukui upana wote wa silinda, bali pembeni kuna sehemu ambazo pistoni inazikaribia sana inapofika juu. Ufinyu huo umekusudiwa. Pistoni inapokaribia kileleni, mchanganyiko wa hewa na petroli ulioko pembeni hubanwa na kurushwa kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, ukavurugika, na moto ukaenea upesi kabla ya mabaki ya pembeni kupata joto la kujilipukia yenyewe. Ukiinua hedi, mwanya ule unapanuka, mchanganyiko unabaki umetulia pembeni, moto unakwenda polepole, na mabaki yale yanapata muda wa kutosha kujilipukia. Huko ndiko kugonga kwa injini. Namba imeshuka kwenye karatasi, ilhali injini sasa iko tayari zaidi kugonga kuliko ingekuwa kwa namba hiyohiyo iliyopatikana kwa njia ya haki.

Na si hayo tu. Injini yako inazungusha kemshafti, mhimili unaofungua valvu, kwa cheni, kwa hiyo hedi ikipanda, umbali kutoka krenki hadi kemshafti unaongezeka na valvu zinachelewa kufunguka na kufungwa. Kifuniko cha cheni, ambacho kimefungwa kwenye bloku na kwenye hedi pia, hakikai tena sawasawa na oili huanza kuvuja. Halafu katikati ya gasketi na gasketi hakuna uso uliosawazishwa kwa mashine, bali ni bati juu ya bati, na gesi yenye shinikizo la tabo hutafuta njia hapo hapo.

Ninapoandika haya kuna pistoni juu ya meza yangu, iliyotoka katika injini ya namna ya yako iliyowekewa gasketi mbili. Ukingo wake umeliwa kama sabuni iliyoachwa kwenye maji, na kipande cha ukuta ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimemeguka. Kauri ya plagi iliyotoka katika silinda hiyo ina vitone vidogo vinavyong'aa: ni aluminiamu ya pistoni yenyewe, iliyoyeyuka na kurushwa pale. Mwenye gari alinieleza kwamba lilikimbia vizuri mno mpaka siku alipolipandisha mlima wa Mazeras likiwa na abiria wanne.

Njia ya haki ya kushusha kompresheni ni pistoni. Angalia walivyofanya Toyota wenyewe: injini yao ya 2JZ-GE isiyo na tabo ina kompresheni ya 10, ilhali ndugu yake 2JZ-GTE mwenye tabo ana 8.5, na tofauti hiyo ilipatikana kwa pistoni zenye kibonde juu. Tena waliongeza vinyunyizi vya oili vya kupoza pistoni hizo kutoka chini. Kwa injini yako utahitaji pistoni zilizofuliwa kama mhunzi afuavyo chuma, zenye kibonde kilichopimwa, na ringi zilizopewa mwanya mpana kidogo, kwa kuwa joto la tabo huzirefusha, na ncha zake zikigusana zinavunja pistoni. Fundi atakayekwambia atakwangua pistoni zako za sasa kwenye kerezo ili apate kibonde, mkimbie. Kichwa cha pistoni hiyo hakikuachiwa unene wa kukwanguliwa.

Pengine, hata hivyo, huna haja ya kushusha chochote. Kinachoua injini ni joto, mafuta machache, na cheche inayowahi. Tabo inayosukuma hewa kwa shinikizo la bar 0.5 katika joto la nyuzi 30, ambalo sisi wa Mombasa tunaliona la kawaida kabisa, huitoa hewa hiyo ikiwa imepita nyuzi 80, na msimu wa kaskazi kwenye foleni ya feri ya Likoni mambo huwa mabaya zaidi. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye kipoza hewa kizuri, injekta kubwa zaidi, pampu ya mafuta inayotosha, na kompyuta ya injini iliyopangwa upya na mtu mwenye kifaa cha kupimia mchanganyiko. Ukibaki bar 0.4 na cheche ikacheleweshwa ipasavyo, 10.5 yako inaweza kuvumilia. Bila mambo hayo, hata 8 haitakuokoa.

Nawaonya pia wasomaji wengine kuhusu hila nyingine ninayoisikia kwenye magereji: fundi anapima silinda kwa geji, anakuta shinikizo liko chini, kisha anamwambia mteja kwamba injini yake "tayari ina kompresheni ndogo" na inafaa tabo. Geji imemwonyesha ringi zilizochakaa au valvu zinazovuja, na injini hiyo ndiyo isiyostahili kuwekewa tabo kamwe. Kadhalika, msijaze petroli ya bei ya kutupa kutoka vituo msivyovijua. Kuichanganya na mafuta ya taa kulienea hadi Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, na petroli ya namna hiyo hugonga hata kwenye injini ambayo haijaguswa.

Kwa yeyote ambaye tayari anaendesha gari lenye gasketi mbili na tabo: leo jioni, injini ikipoa, fungua plagi zote na uzitazame kauri zake kwa tochi. Ukiona vile vitone vinavyong'aa, usiwashe gari tena, hata kwa safari ya kulileta gereji, lije likivutwa.