Mwarobaini kwenye jaruba: wahi kabla funza hajaingia shinani

Majirani zangu wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, hapa chini ya mji wa Moshi, huja kuulizia mwarobaini wakishaona masuke meupe yamesimama wima katikati ya mpunga ulioinama. Huwa nawaambia ukweli: kwa mashina hayo, hakuna dawa tena. Suke jeupe maana yake funza, yaani kiwavi wa nondo anayetoboa mashina ya mpunga, ameshakata shina kwa ndani, na maji ya mwarobaini hayamfikii humo. Kwenye mpunga mchanga utaona jani la katikati limekauka, na ukilivuta linachomoka bila ubishi. Huyo naye ameshaingia.

Kwa hiyo kinga huanza na macho, tena kuanzia kitaluni. Napita kwenye kingo jioni nikitafuta nondo wadogo wa rangi ya majani makavu, na mafungu ya mayai kwenye majani. Funza akishaanguliwa hukaa nje muda mfupi tu kabla ya kutoboa shina. Hapo ndipo mwarobaini unapomkuta. Majani ya miche yenye mayai myaondoe kabla ya kupandikiza, myachome.

Natumia kokwa za mbegu, yaani kiini cha ndani ya ganda. Majani nayo yanasaidia, ila nguvu yake ni ndogo. Okoteni matunda yaliyoiva, menyeni, osheni mbegu na kuzianika kivulini, kisha zihifadhiwe kwenye kiroba kinachopitisha hewa. Zenye ukungu zitupwe. Kipimo ni gramu 50 za kokwa kavu kwa kila lita ya maji, yaani robo tatu ya kilo kwa bomba la lita 15. Twanga kwenye kinu, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa kizito (chenga zikibaki, bomba litaziba), halafu ongeza sabuni kidogo iliyoyeyushwa, maana jani la mpunga halishiki maji. Pulizia jioni ya siku hiyohiyo, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa hii haraka. Rudia kila baada ya siku 7 hadi 10, na mvua ikiosha rudia mapema.

Msitegemee kukuta wadudu wamekufa asubuhi. Mwarobaini humfanya mdudu akatae kula na ashindwe kujivua gamba, kwa hiyo hufa polepole. Wengi hukata tamaa hapo na kukimbilia dukani kununua sumu kali, ambayo huua na buibui wanaotusaidia kula nondo.

Sasa ule mmea unaoitwa utupa. Hili naomba mnisikilize, jamani. Najua unaua wadudu kweli, na najua wazee walikuwa wakiutwanga kuvulia samaki. Hiyo ndiyo sababu siutaki kwenye mpunga. Majaruba yetu hupata maji ya Njoro na Rau, na yakitoka shambani hurudi mtoni, yakashuka Kahe hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanaishi kwa uvuvi. Kama una utupa, utumie kwenye mahindi au maharage, mbali na mfereji. Tumbaku nayo nimeiacha kabisa: nikotini hupenya kwenye ngozi, na huku shambani tunapulizia bila glavu.

Majivu, pilipili na kitunguu saumu nawaachia wenye mboga. Kwa funza wa mpunga sijaona msaada wake.

Mkishavuna, kateni mabua karibu kabisa na ardhi, kisha limeni au fungulieni maji visiki vilowe na kuoza. Funza hubaki humo akisubiri msimu mwingine, na machipukizi mnayoyaacha ili mpate debe moja la ziada ndiyo chakula chake. Na mkubaliane na wenzenu wa mfereji mmoja mpandikize kwa pamoja. Mmoja akichelewa mwezi mzima, nondo watatoka kwenye mashamba yaliyokomaa na kuhamia kwenye mpunga wake mchanga, na mwarobaini wake utazidiwa.