Maswali kwa Mzee wa Mkiani: Kunyonga Baiskeli Ukingoni mwa Atlantiki

Toleo lililopita niligusia safari ya siku moja ya baiskeli, pamoja na kiongozi, kwenye rasi ya Cape nchini Afrika Kusini: kutoka Cape Point hadi Hout Bay kwa kufuata pwani ya Atlantiki. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea. Kwa wageni wa safu hii, wenzangu hutangulia mbele na kusimulia historia; mimi huwa nyuma ya kundi na pampu, tyubu za akiba na maneno ya kubembeleza. Majibu yangu basi ni ya mtu anayewaona wanaochoka.

*Shikamoo Mzee. Nina miaka 47, ni mwalimu. Nimeona picha za barabara ya Chapman's Peak, imechongwa ubavuni mwa mlima na bahari iko chini kabisa. Baiskeli naijua, lakini ya tambarare. Nitaweza, au nitawaaibisha wenzangu? Na nikiyumba, si nitaangukia baharini?* (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Tuanze na bahari: sehemu kubwa ya ukingo ina ukuta mfupi wa mawe, na mtu anayekwenda mwendo wa kawaida hana sababu ya kuugusa. Barabara ina kilomita 9 na kona 114 kati ya Noordhoek na Hout Bay. Jina lake linatisha kuliko yenyewe. Kilele kina karibu mita 600, lakini barabara haifiki huko, inapita chini mno.

Ukitokea Noordhoek unakutana na kilima kidogo, unashuka, unapumua, halafu ndipo unapoanza kupanda kweli. Hapo kazi yangu huanza. Nikimwona mtu amesimama juu ya pedeli, mdomo wazi, maongezi yamekwisha, namsogelea: punguza gia, kaa kitini, niambie jana usiku ulikula nini. Akinijibu kwa sentensi nzima, mwendo wake ni sawa. Akinijibu neno mojamoja, tunapunguza. Na gia nyepesi iwekwe kabla ya mwinuko kuanza. Ukingoja mpaka katikati, huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni inalalamika na wakati mwingine inachomoka, nawe unabaki umesimama kwenye kona vidole vimejaa grisi.

Kinachowashinda wengi ni kushuka, na hilo picha hazilionyeshi. Usizishikilie breki mteremko mzima. Bonyeza, achia, bonyeza, achia, mbele na nyuma kwa pamoja, na umalize kupunguza mwendo kabla hujaingia kona. Ukishaingia, macho yaende kule unakotokea. Anayeukodolea macho ukuta huishia kuukaribia. Kuna mahali mwamba umekatwa ukaifunika barabara kwa juu, upande wa bahari ukaachwa wazi. Gari likija nyuma yako humo sauti inajaa hadi unaapa kuwa ni lori. Usigeuke. Shika mstari wako. Mara nyingi ni kigari kidogo chenye familia inayopiga picha.

Ukifika sehemu ya kutazamia, simama hata kama hujachoka. Barabara hii ilijengwa kati ya 1915 na 1922, na jasho la wafungwa limo ndani yake. Waliipitisha pale ambapo itale (graniti) ya chini, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, inakutana na tabaka za mawe ya mchanga zilizolala juu yake. Mpaka huo unauona kwa macho yako kwenye ukuta wa mlima. Upande wa kusini unaona ufukwe mweupe wa Noordhoek, karibu kilomita 8, na huko mchangani zimebaki mbavu za chuma za meli Kakapo, iliyopanda ufukweni mwaka 1900.

Kuhusu kuwaaibisha wenzako: kundi lenye kiongozi huenda kwa mwendo wa yule wa mwisho. Wa mwisho ni mimi, kwa hiyo nafasi hiyo imeshachukuliwa.

*Mzee, nina lalamiko. Nililipia safari ya Hout Bay kwenda Cape Point. Asubuhi kiongozi akatazama mawingu mlimani, akapiga simu, akatupakia garini na baiskeli zetu, akatupeleka Cape Point tuanzie huko turudi. Mimi nilitaka kufika kule kwa miguu yangu. Huku si kuvunja makubaliano?* (Kijana, Nakuru)

Kijana wangu, huyo alikufanyia hisani na wewe unataka kumshitaki.

Watu wanaoijua rasi ile hawaulizi kwanza mlima uko wapi. Wanauliza upepo unatoka wapi. Kiangazi cha huko, hasa kuanzia Novemba hadi Februari, unavuma upepo wa kusini-mashariki, mkavu, wenye nguvu, na kwa kawaida huzidi kadiri mchana unavyosogea. Ukitoka Hout Bay kwenda kusini siku hiyo unauvaa usoni saa nzima baada ya saa nzima. Kwenye tambarare ya Scarborough unakanyaga kwa gia ya mlimani, na mteremko unaoutegemea ukupumzishe unakudai jasho vilevile. Nimeona vijana wenye mapaja ya chuma wanashuka kwenye baiskeli kusikokuwa na kilima chochote. Geuza safari, upepo uleule unakusukuma mgongoni hadi nyumbani. Majira ya baridi, Juni hadi Agosti, mambo hugeuka: upepo wenye mvua hutoka kaskazini-magharibi, na hapo kuelekea kusini ndiyo akili.

Kama unadhani nazidisha, kumbuka mbio kubwa za Cape Town Cycle Tour, kilomita 109 kuizunguka rasi hiyo. Machi 2017 zilifutwa asubuhi ya siku yenyewe kwa sababu ya upepo. Watu walikuwa wanashindwa kuzishika baiskeli zao wakiwa wamesimama.

Kuna faida nyingine ambayo huenda hukuitambua. Afrika Kusini wanaendesha kushoto. Ukienda kaskazini, bahari iko mkono wako wa kushoto, kwa hiyo hakuna gari kati yako na maji. Ukienda kusini unabanwa upande wa mlima na mandhari unayatazama juu ya paa za magari.

Lalamiko ninalokukubalia ni moja. Alipaswa kukueleza hayo kabla ya kukupakia, si kupiga simu kimyakimya kama mwenye siri. Lakini uamuzi wake ndicho kitu hasa ulichokilipia. Baiskeli ungeweza kukodi, na njia iko kwenye ramani ya simu.

*Nitakwenda na wanangu wa miaka 12 na 15. Nimeambiwa pale Cape Point bahari mbili zinakutana na mstari unaonekana kabisa. Ni kweli? Na wataweza kuoga njiani?* (Mama Wawili, Tanga)

Karibuni, mama. Mstari haupo. Mpaka rasmi wa Atlantiki na Bahari ya Hindi uko rasi ya Agulhas, zaidi ya kilomita 100 kusini-mashariki, na huko ndiko ncha ya kusini kabisa ya bara letu. Rasi ya Tumaini Jema, jirani na Cape Point, ni sehemu ya kusini-magharibi kabisa, na kibao cha pale kinasema hivyohivyo, ingawa wanaopiga picha nacho ni wengi kuliko wanaokisoma. Maji yote mtakayoyaona siku hiyo ni Atlantiki.

Kuoga ni suala jingine. Upande wa magharibi, Scarborough, Kommetjie, Noordhoek, maji ni baridi hata kiangazi, na yanaweza kuwa ya nyuzi 10 hadi 13 tu. Cha ajabu ni kwamba siku za jua kali zenye upepo ule niliousema ndizo zenye maji baridi zaidi: upepo husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na ya chini, yenye baridi ya kilindini, hupanda kuchukua nafasi yake. Mtoto wa Tanga akiingia pale hadi magotini atapiga ukelele na kutoka mwenyewe, hutahitaji kumwita. Wabebee taulo moja, inatosha. Mkitaka kuogelea kweli, nendeni kesho yake Muizenberg, kwenye ghuba ya False Bay upande wa mashariki wa rasi, ambako maji yana huruma kidogo.

Kitu kitakachowafurahisha watoto kuliko mstari ni minara ya taa. Ule wa zamani pale Cape Point ulijengwa juu mno, mita 238 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukungu ukishuka mabaharia hawauoni. Aprili 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania iligonga mwamba baharini mbele ya mnara huo. Ndipo ukajengwa mwingine chini yake, mita 87. Waulizeni watoto kwa nini mnara wa chini unaonekana vizuri kuliko wa juu, halafu waache wabishane hadi Kommetjie, ambako kuna mnara mweupe wa chuma wa Slangkop, wenye urefu wa mita 33, unaowaka tangu 1919.

*Ni kweli nyani wa huko wanapora watu? Mimi hula ndizi kila baada ya saa moja, daktari wangu ameshauri.* (Mwenye kisukari, Mwanza)

Wanapora. Ndizi weka ndani ya mkoba uliofungwa zipu, mwachie dereva wa gari la nyuma, na uile ndani ya gari milango imefungwa. Mwambie kiongozi hali yako kabla hamjaondoka, aipange saa yako ya kula. Mkiwakuta nyani barabarani, punguzeni mwendo, msipite katikati ya mama na mtoto, msisimame kupiga picha. Kuwalisha ni kosa kisheria. Na nyani akishaushika mfuko wako, huo si wako tena. Usivutane naye.

*Mzee, mwaka jana nilikwenda safari ya baiskeli nchi nyingine. Kiongozi alitangulia kilomita nzima mbele yetu, mimi na mume wangu (ana miaka 63 na magoti mabovu) tukapotea. Nitamjuaje kiongozi mzuri kabla ya kulipa?* (Bi. Mkubwa, Mombasa)

Pole, dada, na umpe pole shemeji. Muulize maswali machache kwa simu na usikilize anavyojibu. Nani anaendesha mwisho? Akisema "mimi huangalia nyuma mara kwa mara", tafuta mwingine. Gari linafuata kundi au linangoja mwisho wa safari? Kwa magoti ya shemeji mnataka linalofuata. Chapman's Peak ikifungwa mtapita wapi? Hufungwa mvua kubwa ikinyesha au mawe yakiporomoka, na mwenye uzoefu atakutajia njia ya pili papo hapo bila kumungunya. Kiingilio cha hifadhi pale Cape Point kimo kwenye bei? Barabara ya Chapman's Peak yenyewe hulipiwa na magari, baiskeli hupita bure, kwa hiyo asikutoze kwa hiyo.

Kofia ngumu ni sharti la sheria huko, na baiskeli huenda kwa mstari mmoja, si wawili wawili mkipiga soga. Jimbo la Western Cape linamtaka dereva aache mita 1 anapoipita baiskeli. Wengi hutii.

Shemeji apewe baiskeli ya umeme, na asione haya. Motaa husaidia anapokanyaga tu, haimbebi kama mzigo. Ila aijaribu uwanjani kwanza, maana ni nzito na ukianza kwa nguvu kubwa inaruka mbele. Msichague Jumapili ya zile mbio za Machi, barabara huwa si yenu.

Nami nina swali la kuongeza, ingawa hukuniomba: muulize kama atawaeleza habari za kitongoji cha Ocean View, mtakapopita karibu na Kommetjie. Mji wa Simon's Town, ulio upande wa pili wa rasi, ulitangazwa mwaka 1967 kuwa eneo la wazungu, na familia nyingi zisizo za wazungu zilizohamishwa kwa nguvu zikapelekwa Ocean View. Viongozi wengine hupita pale wakizungumzia mbuni. Mimi simwamini kiongozi anayejua jina la kila ndege na hajui nani aliishi wapi.

*Nimenunua ile kaptula yenye sponji. Rafiki yangu anasema ndani yake havaliwi kitu. Ananitania?* (Naona aibu, Dodoma)

Hakutanii. Havaliwi kitu. Mshono wa chupi ndio unaochubua, na kufika Scarborough utakuwa unakaa upande upande. Paka mafuta mazito pale panaposuguana kabla ya kuanza, na kaptula ifuliwe kila baada ya kuvaliwa. Nyeusi, tafadhali. Nyeupe ikilowa jasho haifichi kitu, na mimi ndiye ninayekaa nyuma.